Mama wa Dirishani

Mkewe alizikwa siku ya mapumziko, na kesho yake yeye akarudi kazini. Watu walimwambia akae nyumbani kwanza. Akajibu kwamba nyumbani hakuna kazi.

Hakuwa mtu wa maneno hata mkewe alipokuwa hai. Pale kituoni, mahali pa kukuzia vifaranga vya samaki, walimwita Kimya tangu enzi za meneja wa kwanza, naye akaitikia hadi jina lake halisi likabaki la kwenye kitambulisho tu. Kazi yake ilikuwa kuvuta nyavu na kuzibua mifereji ya mabwawa. Kazi ya ndani ilikuwa ya mkewe. Yeye ndiye aliyeshika banda la maji ya kijani.

Samaki akianguliwa huja na chakula chake. Hubeba kifuko cha kiini chini ya tumbo, na kwa siku chache hana shida na mtu. Kifuko kikiisha ndipo njaa inapomjia, na mdomo wake ni mdogo kiasi kwamba hata unga uliosagwa mara mbili haupiti. Anachoweza kula ni kijani, yaani mwani mdogo sana, usioonekana mmoja mmoja kwa macho, lakini ukiwa mwingi hugeuza maji rangi. Kifaranga asiyepata maji ya kijani huzunguka zunguka, kisha hulala ubavu. Basi.

Ndani ya banda, juu ya rafu ya dirishani, palikuwa na chupa ya kioo yenye shingo nene. Haikuwa kubwa. Mdomo wake ulizibwa kwa pamba na kitambaa safi, na mrija mwembamba wa hewa uliingia humo ukitoa mapovu mchana kutwa. Hiyo chupa iliitwa mama. Kwa mama walichota kidogo kuanzishia mabinti, waliokaa kwenye madumu meupe. Kwa mabinti wakapatikana wajukuu, waliokaa nje juani kwenye mapipa. Majina hayo aliyatoa mkewe, na yalikuwa yamekolea kituo kizima. Asubuhi mtu aliingia akauliza, "Mama ameamkaje?" kabla hajamsalimu mwenzake. Wengine utawasikia, "Binti wa katikati amepauka." Au, "Wajukuu wameiva, wapelekeni bwawani leo."

Na kila mmoja alikuwa na chakula chake. Wajukuu walipewa chai, ndiyo kusema gunia la mbolea ya kuku lililolowekwa pipani mpaka maji yakawa meusi. Mabinti walipewa mbolea ya dukani, ile ya chembe nyeupe, kwa kijiko. Mama alipewa chumvi za maabara peke yake, katika maji yaliyochemshwa yakapoa.

"Mama hali makombo," mkewe alizoea kusema.

Yale maji ya kijani aliyapata mwenyewe, zamani, alipokuwa mfagizi. Nyuma ya karakana palitupwa beseni kuukuu la kuogea, likajaa mvua, likageuka kijani. Siku moja vifaranga walimwagwa humo kwa bahati mbaya na hakuna aliyejisumbua kuwatoa. Walinenepa. Mkewe akaenda kumwambia meneja wa wakati huo. Meneja akachota tone, akaliweka chini ya hadubini, akamwambia, "Mwani huu ni mzuri. Utunze." Akautunza mpaka akaugua.

Alipolazwa hospitali ya mjini, banda halikuwa na mwenyewe. Huyu alipita akawasha pampu ya hewa, yule akapita akaizima ili apate kuongea na simu. Mabinti wakazama wote, wakalala chini ya madumu kama masizi ya kijani, wakaanza kunuka. Kati ya mapipa ya nje likabaki moja. Na mama dirishani.

Meneja wa sasa, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alimkuta Kimya mlangoni ile siku aliyorudi.

"Mzee, pole sana."

"Nimepoa."

"Utaweza kushika banda?"

"Nitashika."

"Unaijua ile kazi?"

Kimya akafikiri. "Nilikuwa naiona," akasema.

Ikawa hivyo. Akavaa aproni ya plastiki iliyokuwa ya mkewe. Ilimfikia juu ya magoti.

Mtu akikalia mguu wake muda mrefu, mguu hufa ganzi. Anaufinya, anajua ni wake, lakini haumpi habari yoyote. Kimya alikuwa hivyo mwili mzima. Alichemsha maji, akayapoza, akapima chumvi kwa kile kijiko cha bati, akafuta vioo. Alingoja ile michomo inayokuja mguu unapoamka. Haikuja. Hakuisikitikia.

Mtu wa kwanza kuingia bandani asubuhi ile alikuwa fundi bomba. Huyu walimwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Aliingia akipiga mluzi, bomba begani, akasema kama alivyosema miaka yote, "Jamani, mama ameam..."

Akamwona Kimya ndani ya ile aproni. Mluzi na neno vikafa pamoja.

"Shikamoo mzee," akasema.

"Marahaba."

Tangu hapo neno mama likahama banda lile. Hakuna aliyeitisha kikao, lakini wote wakaliacha. Wakasema "yule". Wakasema "wa dirishani". Wakasema "mwenyewe", au "mkubwa". Redio alipopigiwa simu na mama yake mzazi alitoka nje mpaka nyuma ya ukuta ndipo akaitika. Kimya aliona yote hayo. Hakuona kama ni vizuri, wala kama ni vibaya. Aliona tu.

Mvua zilipopungua akaja binti wa chuo. Alikuwa mrefu, mwenye miwani, na aliongea na watu wazima kwa adabu ya mtu aliyelelewa na bibi. Alikuwa na jaribio lake. Akapanga mitungi mitatu ya kioo kwenye rafu ileile ya dirishani, kwa kuwa hapo ndipo mwanga ulipokuwa sawa, akaitia mbegu aliyochota kwa mama, kiasi kilekile kila mmoja.

"Mzee, mbegu ni moja, hewa ni moja, mwanga ni mmoja," akamweleza. "Chakula tu ndicho tofauti. Huyu atakula mbolea ya dukani, huyu chai ya kuku, huyu chumvi za maabara. Nataka nijue kipi kinaleta kijani kingi, na kipi kinaleta kijani kizuri."

"Si kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja, mzee. Chai inaweza kuleta kingi kikajaa wadudu."

Binti aliambiwa kuwa mzee hajui kusoma. Siku ya pili alikuja na nyuzi, akaifunga mitungi shingoni. Nyekundu ni mbolea ya dukani. Nyeupe ni chai. Buluu ni chumvi. Mtungi wa uzi mweupe ulikuwa mkubwa kuliko yote, maana chai ni kali na inataka maji mengi ya kuipoza. Ukakaa ukigusana na mama.

"Ah," akasema Redio alipoiona, "mitungi imevishwa mikufu! Hii inakwenda harusini na sisi hatujaalikwa?"

"Wewe ukialikwa bibi harusi atazeeka akisubiri umalize hotuba," akajibu binti wa chuo.

Redio akacheka mpaka akaweka bomba chini. Kimya naye aliona kuwa hapo pana kichekesho. Akaendelea kufuta kioo.

Redio huyo ndiye aliyemfundisha binti mambo ya pale. Alimshika kando akamwambia, "Dada, nikuombe kitu. Lile neno, la huyu wa dirishani, usilitamke mbele ya mzee. Unaelewa?" Binti akaelewa.

Asubuhi moja binti alitakiwa chuoni kwa siku kadhaa. Kabla hajaondoka alipita dirishani, akaona mama amepauka kidogo, kijani chake kimekuwa kama cha jani la kabichi la ndani. Kimya hakuwapo, alikuwa amefuata kuni za kuchemshia maji. Gari likapiga honi. Binti akamkuta Redio getini.

"Kaka, mwambie mzee, mama aongezwe chumvi leo. Na wa uzi mweupe apewe chai yake kama kawaida."

"Hilo tu? Nilidhani unaniachia wosia."

"Usisahau."

"Mimi? Mimi husahau deni tu."

Akaenda moja kwa moja bandani, bomba mikononi. Kimya alikuwa amerudi, ameinama anapuliza moto. Redio akafungua mdomo. Neno likaja mpaka kwenye meno. Mtu huyu alikuwa akisimulia mechi nzima, na mvua za mwaka fulani, na ugonjwa wa tumbo wa shemeji yake, bila kumeza mate. Hilo moja likamshinda.

"Mzee," akasema, "dada amesema mkubwa aongezwe chumvi. Na huyo wa pembeni yake apewe chai."

Akaonyesha dirishani kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na bomba.

"Mkubwa?"

"Eeh. Mkubwa. Mwenyewe."

Akaondoka haraka. Kwa kawaida Redio alihitaji kufukuzwa.

Kimya akaosha mikono, akasimama mbele ya rafu. Mkubwa ni huu wa uzi mweupe, hilo lilionekana hata kwa kipofu. Mkubwa aongezwe chumvi. Pembeni yake, wakigusana, yupo mama. Wa pembeni apewe chai.

Akachota chai kwa kopo, akasimama nayo. Ilinuka kama inavyonuka siku zote. Alijua kuwa mama hali makombo, alilisikia hilo kwa miaka mingi, mezani, kitandani, njiani. Lakini aliyekuwa akilisema hayupo. Na dada amesoma, na kazi yake ni kubadilisha vyakula aone kitatokea nini. Pengine amebadilisha. Siku nyingine angetoka akamwita Redio, akauliza mara ya pili. Siku hizo kuuliza kulikuwa mlima. Kukubali kulikuwa tambarare.

Akatoa pamba. Akamimina.

Kesho yake mama alikuwa ameiva vizuri kwa kumtazama, rangi nzito. Kimya akasema moyoni, kumbe dada anajua. Keshokutwa pakatanda povu juu, la manjano, lisilopasuka. Kisha harufu. Kisha kile kijani kikawa cha majani makavu, na chini ya chupa kukalala tope.

Binti wa chuo aliporudi hakufika hata kwenye rafu. Alisimama mlangoni, pua ikamwambia.

"Mzee," akasema taratibu, "huyu amepewa nini?"

"Chai."

Hakupiga kelele. Kimya alimshukuru kwa hilo baadaye, ingawa hakumwambia. Alichukua tone, akaliweka chini ya hadubini, akatazama muda mrefu, akatoka machoni pa hadubini akiwa anafuta miwani.

"Wamejaa wadudu. Na kijani kingi kimeungua, chai ilikuwa kali mno kwa chupa ndogo kama hii. Nani alisema apewe chai?"

"Nilipewa habari."

Redio akaitwa. Akaja akitabasamu, akaiona ile chupa, tabasamu likamtoka kama kofia kwenye upepo.

"Nilisema mkubwa apewe chumvi!" akasema. "Mzee, si nilisema mkubwa?"

"Mkubwa ni huu," Kimya akasema, akagusa mtungi wa uzi mweupe.

"Hapana, mzee! Mkubwa... mkubwa wao. Mkubwa kwa heshima. Si kwa unene wa tumbo!"

Binti wa chuo akaangalia chini.

"Kwa nini hukusema mama?" Kimya akauliza.

"Ningesemaje, mzee?" Sauti ya Redio ilikuwa ya mtu mwingine. "Ningekuja hapa, wewe umevaa aproni yake, nikwambie mama kapauka? Mama hajala? Ningeanza na mguu gani?"

Pampu ilitoa mapovu. Halafu Kimya akasema maneno mengi kuliko aliyosema tangu msibani.

"Mke wangu alikufa. Nilikuwepo, nilishika miguu yake. Kulisikia neno hakuniongezei kitu. Mmelificha mpaka limeua wa pili. Kuanzia leo semeni. Mama, mama, mama. Semeni mpaka mchoke."

Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kama mtu aliyepandisha gunia ghorofani.

"Mama," akasema Redio kwa sauti ya chini, ili kutii.

Siku hiyohiyo binti akaanza kuokoa. Akafyonza maji ya juu ya ile chupa kwa bomba la kioo, pale ambapo tope halijafika, akayagawa kwenye vichupa vidogo vyenye maji yaliyochemshwa na chumvi. Akavipanga safu dirishani. "Kimoja tu kikiwa kijani bila wadudu," akasema, "tumempata tena. Kimoja tu, mzee."

Meneja alikuja akasikiliza. Akauma mdomo.

"Mayai yako kwenye maji, Mzee Kimya. Yataanguliwa wiki hii. Na mimi siwezi kungojea muujiza. Nimeomba mbegu kituo kingine, watatuletea. Ikifika, kila chenye maji ya zamani hapa kinamwagwa na kusuguliwa kwa klorini. Mrija, ndoo, pipa la nje, kila kitu. Wadudu wakibaki hata kwenye kijiko, mbegu mpya itakufa kama hii." Akashusha sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Sitaki kukuumiza."

"Huniumizi."

Alisema kweli. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Jioni bintiye mwenyewe Kimya alikuja nyumbani, watoto wake amewaacha kwa jirani. Nyumba ilikuwa vyumba viwili na uwazi wa kupikia. Alikuwa amekuja kukunja nguo za mama yake. Alizikunja kitandani, upande wa ukutani, upande ambao baba yake hakuwa ameulalia bado.

"Baba, hujalia."

"Nitalia."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

Binti akacheka kidogo huku anafuta macho. Akakunja gauni, akalifungua, akalikunja tena.

"Naambiwa huko kazini huli, unachungulia vichupa tu. Baba, mama ana kaburi. Unaweza kwenda kumtembelea. Yale ni maji."

Kimya alikuwa akitafuta jinsi ya kusema jambo ambalo halikuwa na umbo.

"Gauni hilo aliliacha," akasema. "Viatu aliviacha. Sufuria. Vyote vimetulia. Yale maji aliyaacha yakiwa hai. Yakifa mikononi mwangu, nitakuwa nimemaliza kila kitu chake kilichokuwa kinapumua."

"Na mimi je?" bintiye akauliza. "Mimi sipumui?"

Kimya akamtazama. Alikuwa na mikono ya mama yake, mifupi, yenye viganja vipana. Akajua kuwa hapo mtu angepaswa kunyanyuka, aende amshike. Alilijua kama mtu anavyojua njia ya mji aliowahi kuishi. Hakunyanyuka. Akasema, "Unapumua, mama," kama baba yeyote anavyomwita binti yake, na yule binti akalichukua hilohilo, akafunga mzigo wa nguo.

Vichupa vikafifia kimoja kimoja. Cha kwanza kikawa cheupe kabisa. Cha pili kikaota ukungu. Kila asubuhi Kimya aliingia, akainama, akatazama safu yote kabla ya kumsalimu mtu. Asubuhi moja akaona kijani, kijani cha kweli, kwenye kichupa cha mwisho karibu na fremu. Moyo ukamgonga mara moja, kitu ambacho haukuwa umefanya siku nyingi. Akakishika, akakiinua. Kijani kikabaki dirishani. Lilikuwa jani la mti wa nje, limejilaza nyuma ya kioo.

Akakirudisha mahali pake.

Mayai yakaanguliwa. Ndani ya beseni refu la saruji vifaranga wakawa kama kope zilizomwagika majini, kila mmoja na kifuko chake cha kiini. Kituo kizima kikapita kuwatazama, hata mlinzi. Vifuko vikaanza kupungua. Mbegu mpya nayo ikafika, kwenye chupa iliyofungwa kwa mpira, Meneja akaifungia ofisini mwake juu ya kabati. Lakini chupa moja ya mbegu si chakula. Ingechukua siku nyingi kuikuza ifike kwenye mapipa, na vifaranga hawangejua habari hizo.

Palibaki pipa moja. Lile la nje, lililobaki peke yake tangu wakati wa hospitali. Lilikuwa mjukuu wa mama, halina ubishi. Kimya aliingiza mkono humo kama alivyomwona mkewe akifanya, kiganja kimefunguka, akashuka taratibu. Mkono ukapotea kabla ya kiwiko. Bado palikuwa na kijani cha kutosha.

Binti wa chuo akapima tone lake kwa hadubini aliyoihamishia kwenye kibaraza. Alirudia mara kadhaa.

"Wamo, mzee. Si wengi kama kwenye chupa, lakini wamo. Wanakula kijani na kuzaana. Baada ya siku mbili tatu pipa hili litakuwa maji matupu."

"Vifaranga wakila maji yenye wadudu hao?"

"Hawadhuriki. Kwao ni nyama." Akafungua mkoba, akatoa kichupa kisafi chenye kizibo. "Mzee, hapa haiwezekani, Meneja ana haki. Lakini chuoni kuna chumba maalumu na vifaa. Nikichukua kidogo, naweza kujaribu kuwatenga. Chembe moja moja. Ni kazi ya wiki nyingi. Siahidi. Lakini ikifaulu itakuwa yeye yuleyule, si mwingine."

Redio alikuwa ameshika kopo, anangoja. Siku hizo alikuwa amejifunza kidogo kunyamaza, na ilimpa shida kama kiatu kipya.

Kimya alikitazama kile kichupa. Kilikuwa kisafi sana. Alikumbuka ukumbi wa hospitali ya mjini, vioo vyake, mashine, watu waliovaa mavazi meupe wakiongea kwa upole huohuo. Tutajaribu, mzee. Hatuahidi. Mkewe alivuka mlango ule akiwa bado na nguvu za kukaa. Aliomba arudishwe nyumbani, akaomba tena, na wote wakamwambia, subiri kidogo, vifaa viko huku.

"Na akifa huko?" akauliza.

"Basi atakuwa amekufa, mzee. Lakini tutakuwa tumejaribu."

Kimya akatikisa kichwa.

"Mmoja amekwenda mjini kutibiwa," akasema. "Huyu amalizie hapa."

Binti wa chuo angeweza kumwambia kwamba maji si mtu. Alikuwa na elimu ya kulieleza hilo vizuri. Akakirudisha kichupa mkobani, akavua miwani, akasogea upande wa pili wa pipa kusaidia kushika kitambaa cha kuchujia.

Wakabeba ndoo kwa ndoo mpaka kwenye beseni la saruji. Kimya alimimina mwenyewe, polepole, pembezoni, ili mkondo usiwapige wadogo. Kijani kikaingia kama wingu, kikatandaa, kikawafunika. Vifaranga wa kwanza wakakimbia. Kisha wakarudi. Kisha wakaja wote, wakawa wanatetemeka ndani ya lile wingu kama mvua ndogo juu ya paa la bati, ila bila sauti.

Walipofikia tabaka la chini Kimya akalilaza pipa, akakung'uta mpaka tone la mwisho.

Wakangoja. Meneja alikuja naye akasimama, mikono nyuma. Baadaye Redio akalala kifudifudi ukingoni mwa beseni, uso karibu na maji.

"Mzee, njoo. Njoo uone matumbo yao."

Kimya akapiga magoti. Vifaranga wa umri ule ni kama kioo, unawaona mpaka ndani, moyo, uti, kila kitu. Tumboni mwa kila mmoja, pale kilipokuwa kifuko cha kiini, palikuwa na mstari mwembamba kama uzi. Kijani. Wengi kiasi cha kutohesabika, kila mmoja na wake, wakizunguka nao.

"Umeona?" akauliza Redio.

"Nimeona."

Alitazama mpaka magoti yakaanza kumchoma, michomo midogo midogo ya damu inayorudi. Yalikuwa magoti tu. Binti wa chuo akamnyooshea mkono, Kimya akaushika, akasimama.

Halafu akamwuliza Meneja klorini iko wapi.